Siku ya Thelathini

Chumba hiki, nyuma ya stesheni ya Tabora,
zamani kiliwekwa taa za mafuta.
Sasa kina makasha sitini na mawili,
mchwa,
na mimi.
Nalifungua kasha kama mrina asali afunguavyo mzinga:
polepole, uso pembeni,
maana vumbi la karatasi nalo huuma.

Nimepewa miezi sita niwapange manamba.
Si wao, vipande vyao.
Mtu mzima, mwenye kimo, mwenye hasira zake,
mwenye mke aliyeachiwa ulezi shambani haujapaliliwa,
akapewa kipande,
na kipande ndicho kilichobaki.

Waliletwa kutoka Kigoma kwa behewa,
wakalala kambini usiku mmoja,
wakapimwa kifua, wakakopeshwa blanketi,
wakaendelea mashariki kwenye mkonge.
Hayo nayajua kwa hesabu ya mablanketi.
Mablanketi yaliandikwa vizuri kuliko watu.

Kasha la kumi na saba, nikakutana na Sindabizi.
Namba 4417, Sindabizi, wa Heru Juu.
4418, Sindabizi.
4419, Sindabizi.
Karani, mwandiko wake umelala kama nyasi baada ya mvua,
kaongeza pembeni: Ndugu watatu.
Nilimwamini siku nne.

Siku ya tano akaja Bukuru, fundi feni, Mha wa Kasulu.
Akachungulia begani mwangu,
akacheka hadi bisibisi ikamponyoka.
"Dada, hawa si ndugu.
Waliulizwa jina kwa Kiswahili,
wakajibu kwa Kiha: sijui unachosema."

Sijui, sijui, sijui.
Na chini ya kila sijui, dole gumba.
La kwanza lina kovu, nusu mwezi.
La pili ni pana, limetulia.
La tatu wino umeteleza,
nadhani mkono ulivutwa.

Mwezi Agosti akafika Bi Skolastika,
amelala njiani, kanga ina mikunjo ya kiti cha treni.
Anamtafuta Ruhwanya, baba yake.
Ruhwanya sina, nikamwambia,
nimetafuta hadi kwenye orodha ya wagonjwa.
Alikuwa na alama?
"Mundu ulimkata, akivuna. Hapa."
Akaninyooshea dole gumba lake mwenyewe
kana kwamba kovu hurithiwa.

Kazi yangu hainiruhusu kudhani.
Nikaliweka 4417 mezani, nikanyamaza.

Kusoma hajui. Kuhesabu anajua.
Kipande kina vyumba thelathini,
kila siku ya kazi mkwaju mmoja wa penseli.
Akavipitia kwa ukucha, midomo ikicheza,
akarudia kutoka mwanzo.
"Ishirini na tisa."
Ndiyo, Bi.
"Na hiki kitupu? Alikufa?"
Haikuandikwa.
"Alitoroka?"
Wangeandika. Watoro waliandikwa kwa wino mwekundu.
"Na mshahara?"
Mshahara ulikuwa wa thelathini, Bi.
Thelathini zikitimia.

Nilikuwa nimemwandalia maji ya kunywa,
na leso, mpya, droo ya juu.
Hakulia.
Aliyatazama makasha, safu kwa safu,
kama mtu aliyekuja sokoni na anajua bei.
"Basi hela ya siku ishirini na tisa
imo kasha gani?"

Fomu yangu ina nafasi ya namba,
ya jina, ya mwaka, ya hali ya karatasi.
Hali ya karatasi nilishajaza:
imeliwa na mchwa, kona ya kushoto.
Swali lake halikuwa na pa kukaa.
Nikaligeuza jalada, nikaliandika nyuma,
herufi ndogo, bila kukandamiza,
tulivyofundishwa, lisije likadhuru waraka.

Alikwisha fika mlangoni. Akarudi.
Akainama juu ya maandishi asiyoyasoma,
akayanusa karibu.

"Mbona penseli?"